AFCON 2027: Asilimia za ujenzi hazikuambii kama tuko tayari

Swali: Mimi ni shabiki wa soka, naishi Mwanza. Kila wiki nasoma kwamba uwanja fulani umefikia asilimia fulani. CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, tuliiandaa na watu wakajaa, sasa wasiwasi wa AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, unatoka wapi? Mwananchi wa kawaida aangalie nini ili ajue kama Tanzania, Kenya na Uganda ziko tayari kweli? Na anayetaka kwenda kuangalia mechi nchi jirani ajipange vipi?

Jibu:

Ndugu msomaji, asilimia unazosoma mara nyingi hupima zege na malipo. Mkandarasi akimaliza nguzo, majukwaa na paa, sehemu kubwa ya gharama imeshatumika, kwa hiyo taarifa inasoma 85 au 90. Wakati huohuo inawezekana nyasi hazijapandwa, taa hazijapimwa na mageti hayajapitisha hata shabiki mmoja. Kazi iliyobaki ni ndogo kwenye hati ya malipo, lakini ndiyo inayoamua kama mechi itachezwa.

London waliliona hili. Uwanja mpya wa Tottenham ulitakiwa kufunguliwa Septemba 2018. Ukiutazama kwa nje ulikuwa umekwisha, lakini mifumo ya usalama wa moto ilikuwa na kasoro, na bila mifumo hiyo hakuna kibali cha kuingiza watu. Mechi ya kwanza ya ligi ilikuja kuchezwa Aprili 2019. Na hata hapo walitangulia na mechi mbili za majaribio mwezi Machi: ya vijana, iliyoingiza watu chini ya 30,000, kisha ya wakongwe, iliyoingiza zaidi ya 40,000. Ndipo wakaruhusiwa kujaza.

Kwa hiyo ukisikia asilimia, uliza swali jingine: uwanja huu umeshabeba mechi ngapi zilizojaa, za usiku, kwa mfumo uleule wa tiketi na walinzi walewale watakaokuwepo siku ya mashindano? Kama jibu ni sifuri, uwanja hauko tayari, hata ukiambiwa asilimia 99.

Kwa hesabu ya viti hatuna shida. Tangu AFCON ipanuliwe kuwa ya timu 24 mwaka 2019, kipimo cha msingi kimekuwa viwanja sita: viwili vya watu 40,000 au zaidi, viwili vya 20,000 na viwili vya 15,000. Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000, Talanta wa Nairobi umesanifiwa kwa idadi hiyohiyo, Kasarani ni takriban 48,000, Mandela wa Namboole unazidi 40,000, Arusha ni wa 30,000 na Hoima 20,000. Nchi tatu zikichanga viwanja, orodha inatimia na kubaki chenji. Wasiwasi uko kwingine.

Anza na CHAN yenyewe. Ilitakiwa ianze tarehe 1 Februari 2025. Tarehe 14 Januari, zikiwa zimebaki siku 18, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaisogeza hadi Agosti ili miundombinu ikamilishwe. Nafasi hiyo ilipatikana kwa sababu wachezaji wote wa CHAN wanatoka ligi za ndani. AFCON inabeba wachezaji wa klabu za Ulaya, na kalenda yao haisogezwi kwa wiki mbili za taarifa. Kisha kuna ukubwa: CHAN ilikuwa na timu 19 na mechi 44 kwenye viwanja vitano, AFCON ina timu 24 na mechi 52, pamoja na mashabiki wanaovuka mipaka kwa maelfu na watangazaji wenye mahitaji mazito zaidi. Kenya inajua gharama ya kuchelewa. AFCON ya 1996 iliyokuwa yake ilichezwa Afrika Kusini, na CHAN ya 2018 iliondolewa mikononi mwake Septemba 2017 ikapelekwa Morocco.

Nyasi: kazi ya miezi inayofanywa kwa wiki

Mei 2025 Simba ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mechi ya marudiano haikuchezwa kwa Mkapa. Ilihamishiwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu eneo la kuchezea la Mkapa lilikuwa limeharibika na mvua za masika zilikuwa zimelishinda. Uwanja wa watu 60,000 ukakaa mtupu, fainali ikachezwa mbele ya watu wachache zaidi. Viti vilikuwa vizima na paa lilikuwa zima. Tatizo lilikuwa sentimita 30 za juu za ardhi.

Eneo la kuchezea lina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani mita za mraba 7,140. Chini ya nyasi kunatakiwa tabaka la mchanga la sentimita 30, chini yake kokoto za sentimita 10 hivi, na ndani ya kokoto mabomba yenye matundu ya kutolea maji. Mchanga peke yake ni zaidi ya meta za ujazo 2,140. Kwa lori la meta za ujazo 15, hiyo ni safari 143. Hapo ndipo mianya ya kuiba ubora inapojitokeza, kwa sababu mchanga unaofaa ni ghali na ukishafukiwa hauonekani. Chembe zinatakiwa ziwe kwa sehemu kubwa kati ya robo milimita na milimita moja, vumbi laini lisizidi asilimia 5, na udongo wa mfinyanzi usizidi asilimia 3. Mkandarasi akimwaga mchanga wa kujengea nyumba, siku ya uzinduzi uwanja utapendeza. Baada ya msimu mmoja vumbi litakuwa limeziba nafasi za hewa, na mvua ya nusu saa itatuama.

Kipimo chake si siri, na mhandisi yeyote anaweza kukifanya mbele ya waandishi wa habari. Pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zinapigiliwa ardhini, zinajazwa maji, kisha unapima maji yanashuka kwa kasi gani. Mchanga mpya uliowekwa vizuri hunywa milimita 150 au zaidi kwa saa. Ukiona kipimo kimeshuka hadi chini ya milimita 50, uwanja huo utaleta aibu siku ya mvua kubwa. Dawa yake ni kuutoboa kwa mashine ya meno marefu hadi sentimita 20 au 25, kuondoa tabaka la mizizi iliyokufa, na kunyunyizia mchanga safi. Tabaka la milimita 5 tu linataka meta za ujazo 36. Kazi hiyo hurudiwa mwaka mzima. Haifanywi mara moja wiki ambayo wakaguzi wa CAF wametangaza ujio wao.

Kwa nini Mkapa ulichoka? Ulikuwa ukitumiwa na Simba, Yanga na timu ya taifa, ukiongeza na matamasha na mikutano. Hakuna nyasi duniani zinazovumilia ratiba hiyo bila mapumziko. Ushauri wa kitaalamu ni kufunga uwanja wa mashindano kwa shughuli nyingine zote wiki sita hadi nane kabla ya mechi ya ufunguzi, ukiacha tu mechi chache za majaribio. Ukisikia tamasha kubwa limepewa kibali ndani ya muda huo, jua kuna mtu hajaelewa, au ameelewa na ameshinikizwa.

Ivory Coast walipata somo lao mapema, na hilo liliwasaidia. Septemba 2023, miezi minne kabla ya kuandaa AFCON, mechi yao ya kirafiki na Mali kwenye uwanja mpya wa Ebimpé ilivunjwa wakati wa mapumziko kwa sababu maji yalikuwa yamejaa uwanjani. Fedheha ilikuwa kubwa, lakini miezi minne iliwatosha kuurekebisha uwanja, na fainali ya Februari 2024 ikachezewa hapohapo. Kama mvua ile ingenyesha kwa mara ya kwanza Januari, hadithi ingekuwa nyingine. Na ndiyo sababu ya kupenda mechi za majaribio zichezwe masika, siyo kiangazi.

Kwetu kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: nchi hizi tatu hazina hali ya hewa moja. Nyasi za bermuda, zinazotumika sana kwenye viwanja vya nchi za joto, zinastawi Dar es Salaam. Pwani, ambako maji ya visima huwa na chumvi, paspalamu ni chaguo zuri zaidi kwa sababu inavumilia chumvi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi na mawingu. Bermuda hupunguza kasi ya kukua baridi ikizidi, kwa hiyo jeraha la kiatu linalofunika ndani ya wiki Dar litachukua muda mrefu zaidi Nairobi au Arusha. Mashindano yakiangukia miezi hiyo, ni lazima nyasi za rai, zinazopenda baridi, zipandwe juu ya zilizopo wiki sita hivi kabla. Njia nyingine ni kutumia nyasi ya kikuyu, ambayo nyanda hizi za juu ni kwao kabisa.

Viwanja vipya vyenye paa kubwa vina mtihani wa ziada. Paa linalomkinga shabiki na jua linawanyima nyasi jua hilohilo, na kuta ndefu zinazuia upepo wa kukausha majani. Upande wa kivuli huota ukungu na kung'oka kwa mabonge. Ulaya hutumia taa maalumu za kuoteshea zinazosukumwa juu ya uwanja usiku kucha. Ukikuta bajeti ya uwanja wa kisasa haina taa hizo wala mafundi wa nyasi walioajiriwa kwa mwaka mzima, bajeti hiyo imeandaliwa na watu wa zege.

Na muda? Nyasi za kupandikiza vipande zinahitaji wiki 10 hadi 14 kufunga vizuri. Zikiwa za mseto, zenye nyuzi za plastiki zilizoshonwa hadi sentimita 18 ndani ya mchanga, ongeza muda wa kushona na wa mizizi kukumbatia nyuzi. Kwa ujumla, uwanja ambao haujapanda nyasi miezi mitano kabla ya ufunguzi uko kwenye eneo la hatari.

Mageti: hapa ndipo watu hufa

Nyasi mbovu huleta aibu. Mageti mabovu huleta misiba. Tarehe 24 Januari 2022, nje ya uwanja wa Olembé mjini Yaoundé, watu 8 walikufa na 38 wakajeruhiwa kabla ya mechi ya Cameroon na Comoro. Umati ulielekezwa kwenye geti lililokuwa limefungwa. Uwanja ulikuwa mpya kabisa. Kilichoshindwa ni uendeshaji: nani ana ufunguo, nani ana amri ya kufungua, nani anaona msongamano na kuutangaza kwa redio ya mkononi. Nairobi nayo ina kumbukumbu yake. Oktoba 2010 watu 7 walikufa kwenye msongamano Nyayo, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards.

Fanya hesabu mwenyewe. Mwongozo wa usalama wa Uingereza, unaotumiwa na wasanifu wengi duniani, unachukulia kwamba geti moja la kuzungusha lipitishe watu wasiozidi 660 kwa saa. Kasarani ina nafasi ya watu 48,000. Wote wakifika saa moja ya mwisho, unahitaji mageti 73 yanayofanya kazi kwa wakati mmoja. Lakini kila mtu akisimamishwa kupekuliwa na kutafuta tiketi kwenye simu yenye mtandao mzito, kasi inaweza kushuka hadi 400 kwa saa, na hapo unahitaji mageti 120. Una njia mbili tu: kuongeza mageti au kuwafanya watu wafike mapema. Wanaofungua mageti masaa matatu kabla ya mechi na kuweka muziki na chakula ndani wanaelewa hesabu hii.

Kutoka ni hesabu nyingine. Watu wanatakiwa waweze kuondoka kwenye jukwaa ndani ya dakika 8. Kwenye njia ya tambarare kila mita moja ya upana hupitisha watu 82 kwa dakika, kwenye ngazi 66. Kwa uwanja wa 60,000 unahitaji jumla ya mita 92 za milango kwenye tambarare, au mita 114 kama wote wanashuka ngazi. Mlinzi akifunga milango miwili kwa kufuli ili watu wasiingie bure na akaondoka na funguo, hesabu yote imevunjika, na hakuna atakayejua mpaka siku ya moshi. Kila mlango wa kutokea unatakiwa uwe na mtu wake, ambaye haondoki hata bao likifungwa.

CHAN ilionyesha upungufu huu waziwazi. Kenya ilipocheza na Morocco Kasarani, watu wasio na tiketi walivunja vizuizi. CAF ikapunguza idadi ya mashabiki wa mechi iliyofuata dhidi ya Zambia hadi 27,000 na kuamuru tiketi za kielektroniki pekee. Wengi walisema wameonewa. Ukitazama kwa jicho la usalama, ile ilikuwa adhabu nyepesi.

Tiba haikai getini. Geti ni mahali pa mwisho. Unaweka mzunguko wa kwanza mita mia kadhaa kutoka uwanjani, ambapo asiye na tiketi hapiti kabisa, kwa hiyo msukumano hauwezi kujengeka ukutani. Mzunguko wa pili ni wa upekuzi. Wa tatu ndio wa kuskani. Kati ya mizunguko lazima kuwe na nafasi wazi ya kutosha kumrudisha mtu nyuma bila kupambana na wanaokuja. Viwanja vyetu vingi vimezungukwa na barabara, vibanda na maegesho ya bodaboda, kwa hiyo mpango wa mizunguko unaanza na halmashauri ya jiji kabla haujafika kwa polisi.

Mashine za kuskani ziwe na orodha ya tiketi ndani yake, zisitegemee mtandao, kwa kuwa simu 60,000 zikiwashwa mahali pamoja mtandao hukwama. Alama ya tiketi kwenye simu iwe inabadilika kila baada ya sekunde kadhaa. Tiketi ya picha tuli inanakiliwa na kuuzwa kwa watu kumi, wa kwanza anaingia, tisa wanabaki getini na risiti halali mikononi, na hao ndio umati wako wa hasira. Malipo yapokee M-Pesa, Airtel Money na MTN MoMo. Ukiruhusu kadi ya benki peke yake, umemkabidhi mlanguzi soko.

Jambo la mwisho hapa linahusu mabomu ya machozi. Accra, Mei 2001, watu 126 walikufa baada ya polisi kuyarusha jukwaani huku milango ikiwa imefungwa. Kanjuruhan, Indonesia, Oktoba 2022, wakafa 135 kwa mtiririko uleule. Kanuni za usalama za FIFA zinakataza gesi hiyo uwanjani. Polisi wa nchi zetu zote tatu wameizoea kama jibu la kwanza, na kumbadilisha askari tabia ni kazi ngumu kuliko kujenga jukwaa. Ukitaka kupima utayari, uliza ni wahudumu wangapi wa uwanjani wasio askari wamefunzwa, kwa muda gani, na kama wamewahi kufanya kazi pamoja kwenye mechi iliyojaa. Wahudumu walioajiriwa asubuhi ya mechi na kupewa vizibao vya rangi ni watazamaji wa bure.

Umeme na taa

Matangazo ya kimataifa yanataka mwanga wa lux 2,000 hivi kuelekea kamera kuu, uliosambaa sawasawa. Shabiki haoni tofauti ya kona moja kuwa hafifu, kamera inaiona, na VAR, video ya kumsaidia mwamuzi, inahitaji mwanga sawa zaidi. Taa za zamani zikizimika huchukua dakika 10 hadi 20 kupoa na kuwaka tena. Za LED hurudi papo hapo. Kwa hiyo uliza kwanza ni taa za aina gani.

Jenereta la akiba peke yake halitoshi. Agosti 2023 gridi ya Kenya ilipozimika, jenereta la sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta liligoma kuwaka na abiria wakakaa gizani. Kwenye mechi kubwa unawasha jenereta kabla ya filimbi ya kwanza, mawili yaliyounganishwa, yanabeba taa na matangazo muda wote, na gridi inakuwa ndiyo akiba. Kati yake kuna betri zinazoshika mzigo kwa dakika chache. Jaribio lake ni rahisi na linatisha: mechi ya majaribio ikiendelea, zima swichi kuu. Wasimamizi wengi hawathubutu, na kutothubutu huko kunakueleza kitu.

Mengine, kwa ufupi

Kila timu inahitaji uwanja wake wa mazoezi wenye nyasi zinazofanana na za mechi, na hoteli isiyochangiwa na wapinzani. Nairobi, Dar na Kampala zitamudu. Miji midogo kama Hoima itabanwa na vyumba na ndege, na hapo mpango wa mabasi kutoka Kampala, umbali wa kilomita 200 hivi, unakuwa na uzito sawa na uwanja wenyewe. Hospitali ya rufaa karibu, magari ya wagonjwa na mashine za kushtua moyo hupatikana kwa fedha, tatizo ni njia yao ya kutoka. Geti la magari ya wagonjwa likizibwa na magari ya waheshimiwa, jambo la kawaida kwetu, vyote hivyo ni mapambo.

Lipo pia suala la ratiba ambalo wengi hawalioni. Mechi mbili za mwisho za kila kundi huanza kwa wakati mmoja, ili timu zisipange matokeo. Kwa hiyo kundi linahitaji viwanja viwili. Nairobi ina Kasarani, Nyayo na Talanta. Arusha ina mmoja. Timu mbili za kundi lililopangwa Arusha zitalazimika kusafiri siku za mwisho, na safari hiyo huenda ikavuka mpaka pamoja na mizigo, dawa za timu na mashabiki.

Mpaka ndio mgeni halisi wa mashindano haya, kwa sababu AFCON haijawahi kuandaliwa na nchi tatu. Viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki inaunganisha Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Shabiki wa nje anayetaka kuona mechi Nairobi na Dar anakabiliwa na taratibu mbili tofauti mpaka pale tiketi ya mechi itakapokubaliwa kuwa sehemu ya kibali cha pamoja. Hilo linahitaji sheria na mifumo ya kompyuta ya idara tatu za uhamiaji kuzungumza, na huwezi kulimaliza kwa tamko la mawaziri mwezi mmoja kabla. Kati ya mambo yote niliyoyataja, hili na mageti ndiyo yanayotia wasiwasi zaidi. Kwenye zege tutafika.

Wewe unayesafiri kutoka Mwanza

Kwenda Nairobi kwa basi utapita Sirari. Kwenda Kampala utazunguka Bukoba na Mutukula. Siku za mechi vituo hivyo vitafurika, kwa hiyo vuka siku mbili kabla, siyo asubuhi ya mechi. Chukua pasipoti ya Afrika Mashariki mapema. Kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Wakenya, Waganda na Wanyarwanda kutembeleana, Tanzania haijaingia kwenye utaratibu huo. Nunua tiketi kwa jina lililo kwenye pasipoti, ipakue kwenye simu ukiwa bado na mtandao mzuri, na beba betri ya akiba.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa mipakani. Chanjo huanza kutambulika kisheria siku 10 baada ya kuchomwa na hudumu maisha yote, kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja hadi ratiba itoke. Kachome katika kituo cha serikali kinachotoa kadi halali, na uhakikishe namba ya toleo la chanjo na mhuri vimeandikwa, maana kadi isiyo na hivyo viwili inaweza kukataliwa hata kama sindano ulichomwa kweli.